Mkono wa Kushoto wa Mama Furaha

Waliokuwapo siku ile ni hawa: Sista Nabukenya, mkuu wa chumba, Daktari Kaggwa, mpasuaji, Bwana Okello, fundi wa mashine, Mzee Petero, mwalimu mkuu mstaafu, aliyekuwa amelala kitandani mkono wake umefungwa bandeji, na mimi Zainabu, niliyesimama mlangoni na fagio nisijue niingie au nirudi nilikotoka. Hao wanne wametangulia mbele ya haki. Nimeanza na majina yao kwa sababu vijana wanaosafisha damu za wagonjwa leo, katika vyumba vyenye viti vya kulalia na televisheni ukutani, hudhani kazi hii ilianza nao.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita, mama alipofariki, ili niwalee wadogo zangu. Baba alikuwa koplo wa polisi, mtu wa kaskazini, na alipokufa naye tulitakiwa kutoka kwenye nyumba za polisi, maana nyumba zile ni za askari aliye hai. Nikawachukua wadogo zangu wanne tukapanga chumba kimoja mtaa wa Makindye. Jirani mmoja wa zamani aliyekuwa mpishi hospitalini akaniombea kazi ya usafi. Ndivyo nilivyofika mlangoni pale.

Nilichokiona sikukielewa. Kulikuwa na pipa kubwa la chuma limejaa maji ya vuguvugu, na ndani yake kitu kilichosokotwa kama utumbo. Kutoka kwenye mkono wa mzee yule ilitoka mipira miwili myekundu, mmoja ukienda kwenye pipa, mwingine ukirudi. Damu ya mtu ilikuwa inatembea nje ya mwili wake, naye mwenyewe anamsimulia fundi habari za mpira wa miguu. Alipofika kwenye goli aliinua mkono kuonyesha jinsi mlinda mlango alivyoruka, na mpira mmoja wa damu ukachomoka.

"Vibanio!" Sista alipiga kelele. "Wewe wa fagio, vibanio viko wapi?"

Mimi nilijua wapi? Mzee Petero aliingiza vidole vyake kwenye ukingo wa bandeji, akatoa vibanio viwili vidogo vya chuma, akampa. "Hivi hapa, Sista. Msigombane kwa ajili yangu."

Sista akabana, damu ikasimama. Nikapiga magoti nikafuta sakafu. Damu ile ilikuwa bado ya moto kwenye kitambaa, na sikuwahi kusahau joto lake. Daktari Kaggwa alinitazama nikifuta, akamwambia Sista kwa Kiganda, "Huyu hakukimbia. Mbakize."

Nilibaki. Kwanza na fagio, halafu na pipa, maana lilipaswa kuoshwa kila baada ya mgonjwa. Halafu wakagundua kwamba Kiswahili changu cha nyumba za polisi kilifaa kwa askari, kwa Wakongo na kwa watu wa kaskazini, ambao Sista alikuwa akihangaika nao kwa mikono na macho. Nikasogezwa karibu na kitanda. Wakati huohuo watu waliosoma walikuwa wanaondoka nchini mmoja mmoja. Fundi wa kwanza wa mashine alikuwa Mhindi. Yeye aliondoka kabla sijafika, Wahindi wote walipofukuzwa, akamwachia Bwana Okello bisibisi zake na maelezo ya mdomo. Leo daktari yupo, kesho kiti chake kitupu, na hakuna aliyeuliza kwa sauti. Kwa hiyo Sista alinifundisha kila alichokijua, haraka, kama mtu anayepakia mzigo kwenye lori lililokwisha washwa.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni hili. Figo zikifa, damu lazima itoke ikasafishwe na kurudi. Lakini itoke wapi? Mshipa wa kawaida, ule wa vena unaouona chini ya ngozi, ni mlegevu, hautoi damu ya kutosha. Mshipa wa ateri, unaotoka moyoni, una nguvu lakini umejificha ndani, na huwezi kuuchoma kila wiki ukabaki salama. Kwa hiyo mgonjwa hutengenezewa mlango. Zamani zetu milango ilikuwa miwili.

Mmoja ni shanti. Mpasuaji huingiza bomba laini la plastiki kwenye ateri na jingine kwenye vena, yanatokeza nje ya ngozi na kuunganishwa kama pete. Siku ya mashine unayatenganisha, unaunga na mpira wa mashine. Uzuri wa shanti ni kwamba leo umewekewa, leo unatumia. Ubaya wake ni kwamba damu huganda ndani, vijidudu huingia kando ya bomba, na likichomoka mtu anaweza kuisha damu kabla hajafika popote. Ndiyo maana kila mwenye shanti alitembea na vibanio viwili kwenye bandeji.

Mlango wa pili madaktari waliuita fistula, lakini neno hilo wanawake wengi walilijua kwa ugonjwa mwingine wa uzazi, likawatisha, basi sisi tuliita maungio. Mpasuaji huunga vena na ateri chini ya ngozi, anashona, hakuna kinachobaki nje. Nguvu ya ateri huingia kwenye vena, na vena ile hunenepa polepole mpaka inakuwa kama kamba, na hapo unaweza kuichoma sindano nene. Ukiweka kidole juu yake unasikia mtetemo. Ukiweka sikio unasikia mvumo. Ila hungojewa mwezi na nusu hivi, na wakati huo mgonjwa lazima awe na shanti mahali pengine, la sivyo hatafika.

"Mashine inanunuliwa," Daktari Kaggwa alikuwa akisema. "Mshipa haununuliwi. Anayeuharibu amemnyima mtu maisha."

Kwa hiyo tulikuwa na sheria. Mgonjwa akija, tunachagua mkono asiofanyia kazi, tunaufunga utepe mwekundu, na tangu hapo mkono huo hauguswi. Hakuna dripu, hakuna kutoa damu, hakuna kupima presha. Vyote vinaenda mkono wa pili.

Kisha Mzee Petero akafa, na hakufa mikononi mwetu. Alisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani akirudi nyumbani. Askari waliona bandeji nene, wakadhani ameficha dhahabu, wakaivuta. Mkewe ndiye aliyekuja kutuambia, akakaa kwenye kile kitanda cha mumewe, akapapasa shuka. Sista alikaa pembeni yake mpaka zamu ya mchana ikapita mashine haijawashwa.

Tangu siku hiyo tulianza kuuliza swali lisilokuwamo katika kitabu chochote: unapita njia gani kwenda nyumbani? Shanti zikaanza kuwekwa kifundoni mwa mguu, chini ya soksi. Na kila aliyeweza kungojea alishauriwa maungio.

Hapo ndipo alipokuja Mama Furaha.

Alikuwa Mkongo wa Bukavu, fundi cherehani wa soko la Owino, mnene kidogo, mcheshi. Alikuja ameletwa na mdogo wake Bahati kwa teksi, amevimba uso, pumzi inakata. Daktari alimwekea shanti ya mguuni siku ileile, tukamsafisha damu, na keshokutwa yake aliamka akauliza nani aliyeshona mapazia ya wodi, maana ameyashona kichwa chini.

Walikuwa na kaka yao Nairobi. Huko kulikuwa na mashine zisizokosa maji wala dawa, na kaka alikwisha mtafutia nafasi. Yetu ilikuwa inakufa: Bwana Okello alikuwa akiziba matundu kwa mpira wa ndani wa gurudumu alioununua kwa mafundi wa Katwe. Kwa hiyo jambo lilikuwa wazi kwetu sote. Mama Furaha alipaswa kufika Nairobi kabla mashine yetu haijanyamaza, na alipaswa kufika bila kitu chochote cha kuvutwa na askari. Yaani apate maungio, yakomae, shanti itolewe, ndipo apande basi.

Sista alimuuliza kama alivyomuuliza kila mtu. "Mama, mkono gani unatumia?"

"Wa kuume, Sista."

Tukafunga utepe mkono wa kushoto. Kwa wiki kadhaa, dripu zote na damu zote za maabara zilipitia mkono wa kulia. Mishipa ya mkono ule ikawa migumu kama nyuzi za gunia, na hatukujali, kwani ule wa utepe ulikuwa mzima.

Asubuhi ya kupasuliwa, Daktari Kaggwa alikuja kuuchora mkono kwa kalamu. Bahati alikuwa amekaa kitandani anamchana dada yake nywele. Daktari akasema kwa Kiswahili chake cha kukwaruza, "Hii ya kushoto tunachukua. Hii ya kazi tunakuachia."

Bahati akaacha kuchana. "Ya kazi? Kuume ni ya kazi? Daktari, huyu ni mutu wa kushoto tangu tumboni!"

"Nyamaza wewe," Mama Furaha akasema.

"Ninyamaze nini? Mama alikupiga na mwiko mpaka mwiko ukavunjika, na bado ulikata nguo na kushoto! Yaya, dada yangu, uliwadanganya?"

"Sikuwadanganya! Bananiuliza mukono gani natumia. Mbele ya Sista, mutu mwenye adabu atajibu nini? Kwamba miye natumia kushoto?" Akajifunika uso kwa shuka. "Kula, nakula na kuume. Kusalimia, kuume. Ni mukasi tu. Mukasi ndiyo unakataa."

Hakuna aliyecheka isipokuwa Bahati, naye alicheka akaishia kulia. Niliwatafsiria Daktari na Sista yale ambayo hawakuyashika. Sista akaketi. Miaka yote ile tulikuwa tunauliza watu swali ambalo kila aliyelelewa vizuri ana jibu lake tayari.

Daktari alivuta kiti. Akaufunga mkono wa kulia mpira juu ya kiwiko, akaupapasa taratibu kutoka kifundo mpaka juu, akarudia. Kisha akaniambia nimwambie Mama Furaha maneno haya bila kupunguza. Mkono wa kulia umechoka. Tukiunga hapo, pengine mshipa utakataa, na hatutapata muda wa kujaribu tena. Mkono wa kushoto ni mzima, mshipa utakubali, lakini hautabeba mzigo tena, utachomwa sindano kila wiki, na vidole vinaweza kupoteza nguvu. Njia ya tatu ni kusafiri na shanti ya mguuni kama ilivyo.

Nilipomaliza akauliza, "Hiyo shanti, mwalimu muliyenisimulia alikuwa nayo?"

"Ndiyo, mama."

Akautazama mkono wake wa kushoto. Alikunja na kukunjua vidole, kama mtu anayejaribu glavu. Furaha, mtoto wake aliyempatia jina hilo la Mama Furaha, alikuwa amekufa mdogo wakiwa njiani kutoka Kongo. Mikono hii ndiyo iliyobaki kumlisha yeye mwenyewe.

"Cherehani natia na miguu," akasema mwisho. "Mukasi, nitafundisha mukono mwingine. Mama akinisikia huko aliko atafurahi. Chukueni kushoto."

Operesheni ilikwenda vizuri. Kila asubuhi nilipofika kazini nilikwenda kwake kwanza, naweka sikio juu ya kovu lake. Mvumo ulikuwapo, kama nyuki ndani ya mzinga uliofunikwa.

"Wanasema nini leo?" alikuwa ananiuliza.

"Wanasema wamelala salama."

"Waambie wafanye kazi, hawakuja kulala."

Bwana Okello alimsokotea mpira wa kuminya kutokana na vipande vya gurudumu, akawa anauminya mchana kutwa huku mkono wa kulia unajifunza kukata magazeti ya zamani. Alikata maua yasiyofanana na maua. Wauguzi wakamtania kwamba ni ramani za Kongo.

Daktari Kaggwa naye alikuwa na safari yake. Sikuambiwa na mtu, lakini kila mtu alijua: wenzake wawili walikuwa wamechukuliwa kwenye gari la watu wa usalama wasirudi, na siku moja gari kama lile liliegeshwa karibu na nyumba yake asubuhi nzima. Alianza kuja kazini kwa nguo za kawaida, bila koti jeupe. Anaingia, anaweka vidole juu ya mkono wa Mama Furaha, anafumba macho, anasema, "Bado." Wiki inapita. Anakuja tena. "Bado."

Sista alimfuata koridoni. Nilikuwa napiga deki, nikawasikia.

"Daktari, unangoja nini?"

"Nangoja mshipa."

"Mshipa hauna watoto. Wewe unao."

"Ukiziba kabla haujatumika, nani ataufungua? Wewe, Sista?"

Sista alirudi ndani akaanza kupanga mashuka yaliyokuwa yamekwisha pangwa.

Siku aliyosema "Tayari", Sista aliniita nje. "Sindano ya kwanza utachoma wewe."

Nikasema siwezi. Nikamwambia nina wadogo wanne, nikiuharibu mkono ule nitafukuzwa, na si kufukuzwa tu. Akanishika mabega. "Zainabu, macho yangu yamekwisha anza utando. Daktari anaondoka. Wakija wagonjwa wengine nani atawachoma? Mama mwenyewe nimekwisha muuliza."

Mama Furaha alikuwa amejitandika mkono juu ya mto. "Kuja, mtoto," akasema. "Miye nilianza kushona na nguo za watu. Nguo gani haijatobolewa?"

Sindano ya kwanza nilikosa. Ilipita ukuta wa pili wa mshipa, na mkono ukavimba papo hapo, buluu. Nikachomoa, nikabana na pamba, machozi yananitoka. Daktari hakusogea ukutani alipoegemea. Mama Furaha alikuwa ameuma midomo. Alipoweza kusema alisema, "Sasa umejua mahali haupo. Tafuta juu kidogo."

Nikatafuta juu kidogo. Nikaweka kidole, nikangoja mtetemo, nikalaza sindano kama Sista alivyonionyesha kwenye ganda la ndizi. Ikaingia. Damu ikaruka kwenye mpira, nyekundu, kwa nguvu. Bwana Okello akawasha pipa, na Mama Furaha akapumua.

Daktari Kaggwa alikaa mpaka alipoona mara ya pili na ya tatu zimefaulu. Akaitoa shanti ya mguuni mwenyewe. Siku iliyofuata hakuja, na hakuna aliyeuliza kwa sauti. Baada ya muda mrefu tulisikia kwamba yuko hai, anafundisha ng'ambo.

Mama Furaha na Bahati walipanda basi la Nairobi asubuhi moja, Mama akiwa amevaa gauni la mikono mirefu. Sisi tulibaki tukizunguka chumbani bila kazi. Bahati ndiye aliyerudi na habari, na aliisimulia amesimama, akiigiza.

Kizuizi cha kwanza walipita. Cha pili, kabla ya daraja la Jinja, wote waliteremshwa. Askari mmoja akapandisha mikono ya watu mmoja mmoja akitafuta saa. Alipofika kwa Mama Furaha akaona mshipa umetuna.

"Wewe! Nini iko ndani ya mkono?"

"Damu, afande."

"Damu gani nono hivi? Umeficha nini chini ya ngozi?"

"Gusa, afande. Mikono yako ni safi?"

Bahati anasema roho yake ilikwisha toka. Askari akagusa. Akarudisha mkono kama aliyeshika umeme. Akagusa tena, polepole, akabaki hapo, mtetemo ule ukimpiga kwenye vidole.

"Inaumwa?" akauliza, sauti imeshuka.

"Hapana, mwanangu. Ni kuishi tu."

Yule askari akamwambia mwenzake, "Wacha huyu mama apite. Ni mgonjwa." Akambebea na kikapu chake mpaka mlangoni mwa basi, kwa kuwa aliambiwa mkono ule haubebi mzigo.

Mashine yetu ilikufa kabla ya mwaka kwisha. Mimi nilihamishiwa chumba cha kuchemshia vyombo vya operesheni, halafu benki ya damu. Vita vilipita, serikali zikapita. Mashine mpya zilipokuja walinitafuta, kwa kuwa hakukuwa na wengi walioshika mshipa wa maungio kwa mkono wao. Sista Nabukenya alikuwa amekwisha staafu, kipofu kabisa. Nilifanya kazi hiyo mpaka nywele zikawa nyeupe, na wadogo zangu wote wanne wakasoma.

Vijana, leo mna mipira ya kuingiza shingoni, na naona mnaipenda kwa sababu ni ya haraka. Ni mlango mzuri wa dharura. Lakini mtu hakai mlangoni. Ukiwa na muda, tengeneza maungio, na chagua mkono kwanza kwa mshipa, kisha kwa kazi ya mtu. Na usimuulize mgonjwa anatumia mkono gani. Sisi tangu siku ile tulikuwa tunamrushia chungwa bila kumwambia. Mkono unaodaka ndio wenye jibu.

Mama Furaha aliishi Nairobi miaka mingi. Alikata nguo kwa mkono wa kulia na watu walizivaa. Alinitumia gauni la mdogo wangu wa mwisho, bega moja limepanda kuliko jingine, na ujumbe kwa mdomo wa Bahati: niende nimwone, nimsikilize nyuki wake. Kila mwaka nilisema mwaka huu. Kulikuwa na ada za shule, mpaka wa nchi umefungwa, zamu hazina mtu wa kuzishika. Sababu zote zilikuwa za kweli.

Nilipata habari za kifo chake nikiwa katikati ya kumchoma mgonjwa, na mkono ulilaza sindano mahali pake, kwa kuwa yeye ndiye aliyeufundisha.

Bahati bado yuko hai, ana kibanda chake sokoni Nairobi. Kwetu mtu akifiwa unakwenda, unakaa naye chini, unampa pole uso kwa uso. Pole ya simu haihesabiki. Mimi nimeipiga simu. Kwenda, sijaenda.